Sanduku la Akina Mama wa Ng'ambo

Barua ilisomwa Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa, na ukungu wa Meru ukiingia taratibu kwa madirisha yasiyo na vioo. Mwalimu Aminieli aliishika kwa mikono miwili. Alipitia Kijerumani kwanza kwa macho, midomo ikimchezacheza, halafu akawageuzia wenzake sentensi moja moja.

Marta alikuwa benchi la pili upande wa wanawake, amejitanda shuka yake nyeupe ya Pasaka. Alikuwa ameingoja barua hiyo miezi saba. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka mapema akajipaka mafuta kama bibi harusi, mpaka mumewe akamuuliza anakwenda kuonwa na nani.

"Wapendwa wetu katika Bwana," Aminieli alisoma, "sanduku lenu limefika salama. Tulilifungua mbele ya akina mama wote wa chama chetu. Asali ni tamu kuliko ya kwetu. Maharage tumegawana. Kahawa tuliikaanga na kuinywa siku ile ile, na mama mmoja alitokwa na machozi."

Wanawake walicheka kwa furaha, wakageuka kumtazama Marta. Kahawa ilikuwa yake, mavuno ya kwanza ya miche arobaini aliyopewa na misheni. Aliinamisha uso asionekane anavyotabasamu.

"Tulimshukuru Mungu," Aminieli aliendelea, na hapo sauti yake ikaanza kushuka, "kwamba amewabariki mpaka sasa mnaweza kutupa na sisi. Wengi wetu huku kahawa kama hiyo tunaionja Krismasi tu. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba nyumba yenu ya wagonjwa imekwisha kukomaa, inaweza kujitegemea. Msaada wetu wa mwaka huu tumeupeleka kwa ndugu wengine walio na shida zaidi. Mungu azidi kuwabariki. Ni mimi, Hedwiga, mwenyekiti."

  Aminieli aliikunja barua ile, akaikunjua, akaikunja tena, na watu wakaanza kutoka bila kuimba.

Nje, chini ya mti wa mgrevilea, Sista aliyesimamia nyumba ya wagonjwa alimshika Marta mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kijerumani, mikono imechubuka kwa dawa, na siku zote alisema kwa haraka.

"Dawa iliyobaki ni ya wiki tano. Nikibana, saba. Nani aliwaambia mpeleke vitu?"

"Hakuna aliyetuambia, Sista. Sanduku lilikuwa la watu."

"Sanduku ni sanduku!"

"Lilikuja limejaa," Marta alisema. "Tungelirudishaje?"

Sista alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto, akaondoka. Susana, jirani wa Marta, aliyekuwa ametoa debe zima la maharage aliyoyatoa shambani kwake Kikwe, alipita pembeni yao bila kusimama. "Kahawa yako imetuponza," alisema, wala hakugeuka.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, limevikwa bati kwa ndani, na kwa miaka sita lilikuwa likipanda mlima huu kila mwaka. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya kufungia vidonda, vilivyokatwa kutoka kwenye mashuka makuukuu na kukunjwa vizuri sana, marhamu, chupa za dawa ya kahawia inayochoma, na bahasha ya fedha. Bwana Mchungaji, Mjerumani mkuu wa misheni, alikwenda kuzibadilisha fedha hizo mjini Arusha, akarudi na rupia. Rupia hizo ndizo zilizomlipa Solomoni, mfunga vidonda, na ndizo zilizonunua kuni na unga wa uji. Mgonjwa hakutoa hata heller moja.

Ukilitazama vizuri, lilikuwa jambo la ajabu. Boma, yaani serikali ya Wajerumani, liliwatoa watu majumbani kwenda kuvunja mawe ya barabara ya Moshi. Mawe yaliwavunja wao. Misheni iliwafunga vidonda, na akina mama wa ng'ambo wakalipia vitambaa. Mtu akishapona, boma lilimwita tena, na kodi ya kibanda ikamngojea palepale. Kila mtu alipata chake humo isipokuwa mwenye mguu.

Na mwenye mguu, safari hii, alikuwa Mika, mume wa Marta.

*

Mika alikuwa amekaa nje, kwenye gogo, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda. Jiwe lilikuwa limemwangukia kwenye muundi mwaka uliopita, karibu na Kikatiti, na kidonda kikakataa kufunga. Kila Jumatatu na Alhamisi Solomoni alikiosha. Mwanzoni ilibidi Marta ageuze uso. Sasa kilikuwa kimebaki na ukubwa wa jani la kahawa, chekundu, safi. Sista alikuwa amesema wazi: kikiachwa mwezi mmoja kitashika mfupa, na mfupa ukishikwa, mguu unakatwa na daktari wa jeshi, ukiwa na bahati.

Mama yake Mika alikuwa akichambua mboga mlangoni. Jina lake Namnyaki, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, aliyeolewa huku kwa Wameru akiwa binti. Hakubatizwa. Alivaa ngozi yake iliyolainishwa kwa mafuta, yenye shanga pindoni, na kichwa chake kilinyolewa kiking'aa.

"Amesemaje rafiki yangu?" aliuliza.

Rafiki yake ni Hedwiga. Hawakuwahi kuonana wala hawangeonana, lakini Namnyaki alimwaza mara kwa mara mchana akiwa peke yake. Alimwona mama mnene, ameketi kwenye nyumba ya mawe yenye ukungu kama wa huku, anachana shuka lake la zamani ukanda kwa ukanda kwa ajili ya mguu wa Mika. Alijiuliza kama ana mbuzi, na kama wakwe zake wanamheshimu. Sanduku la mwaka jana lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeuliza kwanza: litarudi na nini? Maana kwa Waarusha na kwa Wameru, ukiletewa maziwa, kibuyu cha watu hukirudishi kitupu. Utatia hata viazi viwili. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzio kwamba ujamaa umekwisha, au kwamba unamtakia nyumba yake ikauke. Na sanduku hilo, miaka yote ya nyuma, Sista alikuwa akilirudisha pwani tupu, ili lijazwe tena! Namnyaki alipolijua hilo alishika mdomo. Marta aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Bwana Mchungaji alikuwa safarini Momela wiki ile, Sista alikuwa na homa, na wanawake walilijaza sanduku kwa siku mbili. Juu kabisa Namnyaki aliweka mkufu wa shanga, wa Hedwiga peke yake.

Marta aliwaeleza barua yote, kama ilivyosomwa. Namnyaki aliacha kuchambua.

"Tumempa, naye amekasirika?"

"Hajakasirika, mama. Amefurahi. Anasema tumetajirika."

"Mtu akikurudishia kibuyu kimejaa unajua ni mtu mzuri wa kuendelea naye. Ndipo unampa tena!"

"Wao wanampa asiyeweza kurudisha."

Namnyaki alirudi kuchambua mboga. Mika alikuwa akitazama mguu wake.

"Wiki ngapi?" aliuliza.

"Saba. Sista akibana."

Mika alitikisa kichwa polepole. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Marta kuliko maneno ya Susana. Alisimama akaenda migombani, akajifanya anatafuta kuni, akalia huko mpaka pua ikaziba.

*

Bwana Mchungaji alimpokea Marta barazani. Alikuwa mzee mpole mwenye ndevu, na Kimeru chake kilikuwa kizuri. Hakumkaripia. Alimpa kiti, jambo lililomwogopesha zaidi.

"Nimewaandikia," alisema. "Nimewaeleza desturi yenu. Lakini barua haitoshi, Marta. Watu wa kwetu ni wema, ila lazima waone."

"Waone nini, Bwana?"

"Shida."

"Shida wanaijua. Wanatuma vitambaa vya vidonda."

"Walikuwa wanaijua. Halafu wakainywa kahawa." Alitabasamu kwa huzuni. "Kituo kingine kilituma picha. Ikachapishwa kwenye gazeti la misheni, na michango ikaja kutoka miji ambayo hata haijui sisi tuko wapi. Nitapiga picha. Wewe na Mika, na kidonda kikiwa wazi. Ni wewe uliyepeleka kahawa, jina lako wanalikumbuka. Wakikuona wewe wataelewa."

Marta alitazama miguu yake. Aliuliza kama angeweza kuvaa shuka yake ya Pasaka.

"Hapana," Bwana Mchungaji alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana ameona haya. "Tafuta ngozi. Ngozi kuukuu, kama wanazovaa mabibi."

*

"Vazi langu ndilo la shida?" Namnyaki aliuliza.

 Moshi wa jikoni ulizunguka chumbani na kutafuta tundu la kutokea.

"Ngozi hii niliilainisha mwenyewe miezi minne," alisema. "Niliivaa Mika alipotahiriwa. Watu walinisifu."

"Najua, mama."

"Mimi nikienda kumwomba mtu, najipamba. Namwonyesha nilichonacho, ajue kwamba kesho nitamkumbuka. Hawa wanataka kuona usichonacho?"

"Yeyo, niache mimi nikatae," Mika alisema. Ndivyo alivyomwita mama yake tangu utoto, kwa lugha ya Waarusha, na alipolitumia neno hilo ilikuwa anamaanisha. "Mguu ni wangu. Mimi si dume la kupelekwa sokoni likakaguliwa meno. Uoze tu."

"Ukioza utalima na nini?" Marta alimgeukia, sauti imepanda. "Kodi utalipa na nini? Boma litakuja kuchukua mbuzi wa mama, halafu kahawa, halafu mimi nikafanye kibarua kwa Mzungu huko chini. Mimi ndiye niliyefunga lile sanduku, Mika. Kwa mikono yangu. Niache nivae ngozi!"

 Namnyaki aliinuka, akafungua pindo la vazi lake, akaanza kukata uzi kwa jino. Shanga zilianguka moja moja kwenye bakuli la mti, nyeupe, nyekundu, buluu. Alizitoa zote bila kuharakisha. Kisha akamkabidhi Marta ngozi tupu, naye akajifunika blanketi.

"Mwambie ni ya kuazima," alisema.

*

Siku ya picha kulikuwa na jua jembamba, na kilele cha Meru kilitokea mara moja kikajificha. Bwana Mchungaji alikitega chombo chake cha miguu mitatu mbele ya nyumba yao, akajifunika kitambaa cheusi, akatoka.

"Sogeeni kushoto. Mkungu wa ndizi unaonekana."

Walisogea. Mika aliruka kwa mguu mmoja, mkono begani kwa mkewe.

"Kahawa inaonekana."

Walisogea tena, mpaka wakawa nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumkaribisha mgeni. Kulikuwa na ukuta wa fito uliobomoka na tope la mbuzi. Bwana Mchungaji aliridhika. Solomoni alikifungua kidonda akasimama pembeni, ameshika bakuli la maji, hajui atazame wapi. Uani kwa Susana watoto walipanda juu ya ua wa masale wachungulie, na Susana mwenyewe alikuja kuwafukuza, akabaki hapohapo anatazama.

"Usicheke, Marta."

Marta hakuwa anacheka. Alikuwa akimwaza Hedwiga. Alimwona ameinama juu ya karatasi hiyo, miwani puani, anamtafuta yule mwanamke aliyempelekea kahawa, na hampati. Alitamani kumwambia: mama, nyumba yangu iko hapo upande wa kulia, ina migomba, njoo ukae. Chombo kilitoa mlio mdogo. Ikawa basi.

*

Miezi iliyofuata ilipita kama mtu anayetembea usingizini. Mvua zilikuja, mito iliyotoka mlimani ikawa na sauti mchana kutwa. Vitambaa vilichemshwa na kuchemshwa tena mpaka vikabaki nyuzi. Solomoni hakulipwa miezi minne. Wanawake walimlipa kwa ndizi, kwa zamu, na walipeleka na za wagonjwa pia, Susana mmojawapo, ingawa alipopita kwa Marta bado alitazama mbele. Sista aliipima dawa ya kahawia kwa matone, na matone yalipokwisha akaosha kwa maji ya chumvi. Kidonda cha Mika kilianza kupanuka. Harufu ilirudi. Usingizi wa mchana ulipomchukua Marta migombani, aliota ndoto ile ile: mama mnene anapanda njia ya mlimani, kibuyu kichwani, kila akifika kwenye geti la ua anauliza, "Ni hapa kwa mwenye kahawa?" Na Marta, ndani ya ngozi, anamjibu kwamba si hapa.

Mwezi wa saba, wapagazi waliotoka Moshi walileta masanduku mawili badala ya moja.

Bati lilipofunguliwa, harufu ya vitambaa safi ilijaza chumba, na Sista, ambaye hajawahi kuonekana akilia, alikaa chini sakafuni. Kulikuwa na chupa kumi na nane. Kulikuwa na bahasha nene. Solomoni alilipwa miezi yake yote siku hiyo. Mika alioshwa jioni ile, akapiga kelele dawa ilipogusa nyama, na katika wiki ya tatu Sista alibonyeza ukingo wa kidonda akasema mfupa ni mzima. Baada ya miezi miwili Mika alikwenda kwa fimbo mpaka mtoni na kurudi. Namnyaki alimfuata nyuma njia nzima, anajifanya anaokota kuni.

Chini kabisa ya sanduku mlikuwa na kadi za picha ile, zilizochapishwa ili ziuzwe huko ng'ambo. Hizi chache zilikuwa zimeletwa ziwe ukumbusho. Aminieli alipeleka moja nyumbani kwa Marta. Waliishika kwa zamu, wakiipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ule ukuta wa fito. Tope. Mguu. Marta mwenyewe, macho makubwa, vazi lisilo na hata ushanga mmoja.

"Hapa chini pameandikwaje?" Namnyaki aliuliza.

"Pameandikwa Meru," Aminieli alijibu.

"Maneno ni mengi kuliko Meru, mwalimu."

Aminieli alijikuna shingo. "Pameandikwa: Mwanamke wa Meru ambaye hana kitu."

Nje mkungu wa ndizi ulikuwa umeelemea mpaka Mika ameutegemeza kwa mti. Namnyaki aliichukua kadi, akaitazama ngozi yake, akaichomeka kwenye dari, juu ya moshi, mahali pasipofikika kwa urahisi.

*

Amri ilitoka kwa Bwana Mchungaji mwenyewe, kwa upole, baada ya ibada: masanduku yatarudi pwani Jumatano, nayo yatarudi matupu. Mtu asitie kitu. Marta, ambaye nyumba yake iko njiani, alipewa lile la zamani alikaushe juani na kulisugua bati, alilete.

Alilisugua siku mbili. Kahawa ya mwaka huo ilikuwa imekauka kwenye jamvi, nzuri kuliko ya kwanza, na kila alipopita aliliruka jamvi lile bila kutazama. Asubuhi ya Jumatano alijitwika sanduku. Lilikuwa jepesi mno, na kwa wepesi huo alihisi kila atakayekutana naye atajua. Njia ya misheni ilipita mbele ya nyumba kumi na moja.

"Ngoja," Namnyaki alimwita.

Alikuwa anatoka malishoni mwa mbuzi, mikono yote miwili imejaa majani mabichi, marefu, yenye umande. Kwa watu wake majani hayo huzidi asali. Mwenye kosa huyang'oa na kuyashika anapoomba amani, na mzazi huyashika anapombariki mwana anayekwenda mbali. Alimtua Marta sanduku, akalifungua, akayalaza ndani taratibu, shina upande mmoja, ncha upande mwingine.

"Mama, tumekatazwa."

"Nimetia nini? Hii si mali. Huku mbuzi wanakula." Alifunga kifuniko. "Hedwiga hakutukosea. Na sisi hatukumkosea. Nenda."

Marta alilitwika tena. Lilikuwa na uzito kidogo sasa, kiasi cha shingo kujua. Alipita nyumba zote kumi na moja kichwa juu, na Susana alipotoka uani akamwamkia, alimwitikia.

Barazani kwa nyumba ya wagonjwa Sista alikuwa akingoja na nyundo na misumari. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alifungua kifuniko, akainama, akakunja uso.

"Takataka gani hii?"

Alikuwa amekwisha kulipindua nusu, mkono umeingia ndani kuyakumba, Marta aliposema. Hajawahi kumdanganya mtu wa misheni, na sauti ilimtoka tulivu mpaka ikamshangaza mwenyewe.

"Ni ya kuzuia bati lisigongwegongwe njiani, Sista."

Sista alifikiri. Alilisimamisha sanduku, akayasawazisha majani kwa kiganja, vizuri, kama atandikavyo kitanda cha mgonjwa.

"Umefanya vyema," alisema, akapiga misumari.

Marta alirudi nyumbani mikono mitupu, ukungu ukimtangulia njiani. Namnyaki alikuwa mlangoni, bakuli la shanga mapajani, anazirudisha pindoni moja moja.

"Limekwenda tupu?"

"Halikwenda tupu, mama," Marta alisema, akakaa karibu yake, akaanza kumtungia uzi.